Kompyuta Binafsi Nguvumali: Kutoka Mashine ya Kuchapa Hadi Mtunza Hesabu

Katika kata ya Nguvumali, Jiji la Tanga, kama ilivyo katika kata nyingi za mijini nchini, kompyuta binafsi ina kazi zake zinazojulikana. Kwenye duka la steshenari huchapa barua ya kuomba kazi, hutoa nakala za vyeti na kuchapisha kadi za harusi. Nyumbani huonyesha filamu, hupiga muziki na kuwaburudisha watoto kwa michezo. Usiku ukiingia huzimwa na kufunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Kazi hizo ni halali na zimewapatia wengi riziki, lakini zikilinganishwa na uwezo wa chombo chenyewe, mwenye kompyuta anafanana na mtu aliyenunua jahazi akalitumia kuvukia mkondo.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kuliko miaka 10 iliyopita. Huduma nyingi za Serikali zimehamia katika mifumo ya kielektroniki, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeipa hatua hiyo msingi wa kisheria. Mwananchi anayeijua kompyuta kwa kuchapa tu hufika katika mifumo hiyo akiwa mikono mitupu, kwa sababu mifumo huuliza kumbukumbu: mauzo ya mwaka, orodha ya wanachama, mchanganuo wa bei, vyeti vilivyopangwa vizuri. Fomu hujazwa kwa dakika chache. Kinachokwamisha wengi ni kile kilichopaswa kuwa kimeandikwa miezi kadhaa kabla.

Mfano ulio wazi ni wa kodi. Mfanyabiashara mdogo ambaye ni mtu binafsi hulipa kodi ya mapato kwa makadirio yanayotokana na mauzo yake ya mwaka, na sheria imeweka safu mbili za viwango: moja kwa anayetunza kumbukumbu na nyingine kwa asiyetunza. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 4 lakini hayazidi milioni 7 hulipa shilingi 100,000 kwa mwaka iwapo hana kumbukumbu. Mwenzake mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Hivyo mwenye genge au fundi cherehani aliyeuza kwa shilingi milioni 5 analipa shilingi 30,000 akiwa na hesabu zake, na shilingi 100,000 akiwa hana. Ngazi inayofuata, ya zaidi ya milioni 7 hadi milioni 11, asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 250,000. Mwenye nazo hulipa shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 8, hiyo ni shilingi 120,000, yaani pungufu kwa shilingi 130,000.

Yupo pia mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayafiki milioni 4 na ambaye kwa ngazi hiyo hadaiwi kodi hii kabisa. Lakini atalithibitishaje hilo mbele ya ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ikiwa hesabu yote ipo kichwani?

Hapo ndipo kompyuta inapopata kazi iliyoundiwa. Programu ya lahajedwali, ambayo wengi huijua kwa jina la Excel, ipo katika kompyuta nyingi za steshenari, na mara nyingi hutumika kuchora majedwali ya kuchapisha tu, huku jumla zikipigwa kwa kikokotoo cha simu. Safu tano zinatosha kuanzia: tarehe, bidhaa, idadi, bei na namna mteja alivyolipa. Kanuni ya kujumlisha ikishaandikwa mara moja, kila mauzo mapya yanayoingizwa hubadilisha jumla ya siku, ya mwezi na ya mwaka bila kazi ya ziada. Baada ya miezi michache jedwali huanza kumweleza mwenye duka mambo ambayo daftari haliyatoi kwa urahisi: bidhaa iliyokaa rafuni tangu Ramadhani, mteja ambaye deni lake linakua polepole, na kama punguzo la bei la Januari, shule zinapofunguliwa, lilileta faida au liliongeza pilikapilika tu.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, na zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Risiti na ankara za karatasi zibaki katika jalada, kwa kuwa jedwali bila vielelezo halisimami peke yake.

Si kila mfanyabiashara wa Nguvumali anayemiliki kompyuta, wala hahitaji kumiliki. Mwenye steshenari anaweza kuifanya kazi hii kuwa huduma. Mama lishe analeta daftari lake Jumamosi, kijana wa steshenari anaingiza takwimu, na daftari linarudi likiwa na jumla ya wiki na karatasi moja iliyochapishwa. Huduma ya namna hiyo humrudisha mteja kila wiki, tofauti na anayekuja kutoa nakala ya cheti mara moja kwa mwaka. Inashangaza kwamba wakati mabango ya “tunachapa, tunatoa kopi” yameenea mitaani, ni nadra kuona linalosema “tunatunza hesabu”.

Mantiki hiyo hiyo inavihusu vikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake uboreshwe, kisha ikarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Kikundi ambacho katiba yake, orodha ya wanachama, mihtasari ya vikao na michango ya kila mwezi vipo katika jalada moja la kompyuta hujibu maswali ya wataalamu kwa siku moja. Kile ambacho kumbukumbu zake zimo katika simu ya katibu aliyehamia Muheza huanza upya.

Mlango wa pili ni zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeweka mfumo wa NeST kuwa njia ya ununuzi wa taasisi za umma, na asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya kila taasisi imetengwa kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Katika jiji ambalo bandari yake imeboreshwa kwa shilingi bilioni 429.1, pamoja na shule, zahanati na ofisi za umma zinazohitaji usafi, chakula na sare, fursa hiyo si ya nadharia. Lakini zabuni hushindwa kwa bei iliyokokotolewa vibaya. Kikundi cha ushonaji kinachojua kwa hakika gharama ya kitambaa, uzi, umeme na siku za kazi kwa sare moja kinaweza kupanga bei ya sare 300 bila kubahatisha, na jedwali lile lile la kila siku ndilo linalotoa jibu.

Upo upande mwingine wa matumizi haya, na ndio unaohitaji tahadhari kubwa zaidi. Kompyuta ya steshenari imekuwa ghala la siri za watu. Kijana anayeomba kazi kupitia Ajira Portal, mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu, mzee anayefuatilia mafao: wote huacha pale picha ya kitambulisho cha Taifa, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya masomo, na mara nyingine anwani ya barua pepe iliyobaki wazi pamoja na nywila yake. Mteja akishalipa na kuondoka, mafaili yake hubaki. Anayefuata akitafuta faili lake hupitia ya wenzake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusudiwa na zisihifadhiwe kwa muda unaozidi mahitaji ya lengo hilo. Nyenzo za kutekeleza hilo tayari zimo ndani ya mashine, ila hazijaguswa. Mfumo endeshi huruhusu kufungua akaunti zaidi ya moja, hivyo mwenye duka anaweza kutenga akaunti ya wateja isiyofikia hesabu zake mwenyewe. Vivinjari vina dirisha la faragha ambalo likifungwa halibakizi nywila wala historia ya kurasa. Mafaili yaliyopakuliwa yafutwe kila jioni, na kapu la takataka la kompyuta limwagwe pia, kwani faili lililofutwa bila hatua hiyo bado lipo. Mteja naye ana haki ya kusimama na kuona faili lake likifutwa kabla hajaondoka, na hapaswi kuona haya kuomba hivyo.

Usalama huo umeingia katika hali mpya tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku kampuni ya Microsoft iliposimamisha maboresho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo zinaendelea kuwaka kama kawaida, jambo linalowafanya wengi wasione tofauti, lakini nyufa mpya zinazogunduliwa na wahalifu haziendelei kuzibwa. Watumiaji binafsi wanaojiandikisha hupata maboresho ya ziada hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Windows 11 inahitaji kumbukumbu ya muda isiyopungua gigabaiti 4, hifadhi ya gigabaiti 64 na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi za mtumba hazikidhi sharti hilo la mwisho.

Kwa mashine hizo, kununua mpya si njia pekee. Mifumo huria kama Ubuntu na Linux Mint hutolewa bure, huendelea kupata maboresho ya usalama na huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi kabla ya kusimikwa. Programu ya LibreOffice hufungua nyaraka na majedwali yaliyoandaliwa kwa Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa wakati mwingine husogea. Kabla ya kuhama ni lazima kuhakikisha kuwa printa na mashine ya kuskani zinafanya kazi, maana steshenari isiyochapisha si steshenari. Programu huria si ngeni hapa nchini: mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Taifa ambalo mwaka 1974 lilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta lilikuwa, baada ya miaka 30, linaifundisha mashine hiyo lugha yake.

Njia ya mkato ya kusimika programu zilizovunjwa kufuli, zinazosambazwa kwa flashi mitaani, ni hatari zaidi kuliko kubaki na mfumo wa zamani. Anayevunja kufuli la programu anaweza kupenyeza humo chochote anachotaka, na mashine inayobeba vitambulisho vya mtaa mzima si mahali pa kufanyia majaribio.

Kwa mwambao wa Tanga ipo pia hali ya hewa. Chumvi na unyevu hula viungo vya ndani, na umeme unaokatika ghafla huharibu faili lililo wazi. Kifaa cha UPS humpa mtumiaji dakika za kuhifadhi kazi. Nakala rudufu ya hesabu iwekwe katika diski ya nje inayokaa mbali na duka, na mara moja kwa mwezi faili mojawapo lifunguliwe kutoka humo katika kompyuta nyingine ili kuthibitisha kuwa linasomeka. Ofisi ya TRA mkoani Tanga hutoa maelekezo kuhusu kumbukumbu zinazokubalika na viwango vinavyotumika kwa mwaka husika, na vikundi vinavyotaka mikopo ya halmashauri huanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.