Hicho kipimo kikubwa, ni kikubwa kwa nani?

KITI CHA DIRISHANI
Na Da Tumpe

Abiria wangu wa kila wiki mnajua kwamba kwenye basi la Mbeya kwenda Iringa mimi silali, nasikiliza ya watu. Ya safari hii yamenipandisha presha hata Igawa hatujafika.

Binti hajatimiza miaka 30, mkulima wa viazi pale Uyole, kapakata bahasha kubwa ya kaki. Ana kivimbe titi la kushoto, kinauma zaidi siku zake zikikaribia. Anakwenda kwa shangazi yake Iringa kuomba nauli na hela ya "kipimo kikubwa" Dar es Salaam. Bwana mmoja wa koti, ambaye wala hakuulizwa, akageuka: "Mdogo wangu, usipoteze muda. Kapige siti skani, ndiyo inaona kila kitu." Basi zima likatikisa kichwa kukubali. Shemeji yangu wa mbao kule Mafinga angekuwepo, naye angekubali, halafu angenikopa nauli.

Nikaomba bahasha. Ndani mna mamografia na ripoti ya Kiingereza ambayo hakuna aliyemsomea. Mstari wa mwisho unasema matiti ni mazito, uvimbe hauonekani vizuri, afanyiwe ultrasaundi. Nikamwambia.

"Ile ya wajawazito, dada?" Uso ukamshuka.

Bwana wa koti akacheka. "Cha bei ile kitaona nini?"

Kitaona maji, bwana mkubwa. Mawimbi ya sauti yalianza kuchungulia uvimbe wa matiti zamani, John Wild na John Reid waliandika habari zake mwaka 1952 kule Marekani. Unapakwa ile jeli ya baridi, mpimaji anapitisha kichwa cha mashine juu ya titi, na mfuko wa maji unatokea kwenye skrini mweusi tii, ukuta wake mwembamba, kingo laini, nyuma yake panang'aa. Ukiwa hivyo si saratani, wala hauhitaji kisu. Ukiuma sana, daktari anafyonza maji kwa sindano, unarudi shambani.

Mamografia kwa binti wa umri ule ni kumtafuta mbuzi mweupe kwenye ukungu wa Isyonje: nyama nzito ya titi changa inatoka nyeupe, na uvimbe nao mweupe. Hata ukionekana, picha haikuambii kama ndani ni maji au nyama. Siti skani ndiyo kabisa! Mionzi yote ile kwa swali ambalo si lake.

Mama wa miaka 40 na kuendelea, sawa, aanze na mamografia, ultrasaundi ifuate. Na mfuko wenye ukuta mnene au kinyama ndani hauachwi hivihivi, unachomwa sindano, kipande kinakwenda maabara. Wakibaini saratani, hapo ndipo safari ya Dar, kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road, ina maana. Taasisi ile ina foleni ya kutosha, tusiipelekee na mifuko ya maji. Ultrasaundi ipo Mbeya, ipo Iringa, ipo Tosamaganga.

Lakini sisi kipimo kisichouza shamba hatukiamini. Tena ushauri wa maziwa siku hizi unatolewa na wanaume wenye makoti, wanawake tunaitikia.

Huyo wa koti nimemsamehe, ni mropokaji tu kama mimi. Nisiyemsamehe ni mwenye zahanati yake mjini, mwenye cheti ukutani na riboni ya pinki mlangoni mwaka mzima. Binti anasema hakuulizwa umri wala hakushikwa titi. Alipokewa hela ya viazi, vya lumbesa tena, akabanwa titi kati ya sahani mbili za mashine, kisha akaandikiwa, kwa lugha asiyoisoma, kwamba akafanye kipimo cha bei nafuu ambacho angeanza nacho. Risiti imo humo humo kwenye bahasha. Muhuri wake umekolea kuliko picha.