Ramani ya ligi ndiyo inayokuchagulia hasimu

Kama wewe ni shabiki wa soka Garsen, Hola au kule Ndera, najua habari za besiboli hazikuhusu ndewe wala sikio. Lakini vumilia kidogo, kwa sababu wanachobishania Wamarekani sasa ni kitu ambacho timu ya mtaa wako inakilipia nauli kila msimu.

Besiboli ya kulipwa kule ina timu 30, zimegawanywa kwenye ligi mbili za timu 15 kila moja. Mgawanyo huo haukufuata ramani, ulifuata historia. Ndiyo maana Yankees na Mets, zote za New York, ziko ligi tofauti. Ni vivyo hivyo kwa Cubs na White Sox wa Chicago. Hadi 1997, timu za ligi hizi mbili hazikukutana kabisa kwenye msimu wa kawaida. Yaani ungezaliwa Chicago, ukue, uoe, upate wajukuu, na hujaona debi ya jiji lako yenye pointi! Njia pekee ilikuwa wote wawili wafike fainali kuu, na Chicago hilo limetokea mara moja tu, 1906, White Sox wakashinda mechi 4 kwa 2. Mets, waliozaliwa 1962, walisubiri hadi 2000 kuwapata Yankees kwenye fainali, wakachapwa 4 kwa 1.

Agosti 2025 kamishna wa ligi hiyo, Rob Manfred, alisema kwamba wakiongeza timu mbili zifike 32, huo utakuwa wakati wa kupanga upya makundi kwa kufuata jiografia. Sababu yake kubwa? Safari. Wachezaji wanachoka kuruka kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine. Wanaopenda mila wakapandwa na hasira, kwa sababu ligi hizo mbili zimekuwepo kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa turudi nyumbani. Wao wanalalamikia uchovu wa ndege. Sisi tunazungumzia matatu.

Angalia Ligi Kuu ya FKF msimu wa 2024/25. Timu 18, zaidi ya nusu zikiwa za Nairobi: Gor Mahia, AFC Leopards, Tusker, Kenya Police, KCB, Mathare United, Kariobangi Sharks, Nairobi City Stars na wengineo. Pwani yote, kutoka Vanga hadi Kiunga, ilikuwa na timu moja tu, Bandari. Shabiki wa Gor akiambiwa wiki hii tuko "ugenini" dhidi ya Leopards, anapanda matatu ile ile anayopanda kwenda kazini. Bandari wakiambiwa ugenini, ni karibu kilomita 500 hadi Nairobi, na hakuna hata mechi moja kati ya zile 17 za ugenini inayoangukia Pwani. Kumbuka hii ni Pwani ambayo Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965, enzi ambazo Mombasa ilikuwa na uhasama wake wa mtaa kwa mtaa.

Debi ya majirani, kwa hivyo, si raha ya mashabiki tu. Ni ruzuku. Timu inayokaa na hasimu wake mji mmoja inaokoa nauli, inaokoa chakula cha njiani, na bado inajaza uwanja. Waulize Watanzania. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, zote mbili makao yake ni Kariakoo, unaweza kutoka klabu moja hadi nyingine kwa miguu. Debi yao ya tarehe 8 Machi 2025 ilipoahirishwa, ligi nzima ilibaki imening'inia. Bingwa hakujulikana hadi majirani hao walipokutana tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0.

Na usidhani safari inaua timu ndogo pekee. SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa Kenya mwaka 2006, timu yenye jina la kiwanda kizima cha sukari, ilifukuzwa kwenye ligi msimu wa 2019/20 baada ya kukosa kufika kwenye mechi tatu. Pesa za mdhamini zilikauka, timu ikashindwa kufika uwanjani. Ikiwa bingwa wa zamani anaweza kuanguka hivyo, kijana wa Ndera anayechangishiwa mafuta ya gari kwenye kikundi cha WhatsApp afanyeje?

Hebu tupige hesabu pamoja. Kikosi cha wachezaji 18, kocha, msaidizi wake na anayebeba sanduku la dawa: hao ni watu 21. Matatu ya kawaida inabeba abiria 14, kwa hivyo unahitaji mbili. Kutoka Garsen hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Ukipangwa kundi la timu 11, una mechi 10 za ugenini. Ikiwa nusu yake ziko Mombasa, hapo ni zaidi ya kilomita 2,000 barabarani, mara matatu mbili, na bado hujala. Anayetoka Ndera ana kipande kingine cha kushuka mto kabla hata hajafika Garsen, na mvua ikimwagika sawasawa, barabara ya kwenda Hola na Garissa hukatika. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalituonyesha. Hapo refa atapuliza kipenga, mwenzako apewe pointi tatu za bure, na kwenye jedwali itaonekana kana kwamba nyinyi ndio wazembe.

Hata tukibaki ndani ya kaunti, ramani yenyewe ni kituko. Tana River ni ndefu, imelala kando ya mto kama mkanda. Juu kabisa kuna Madogo, ambako ukivuka daraja tu uko Garissa mjini. Chini kabisa kuna Kipini, mto unapoingia baharini, na jirani yake ni Witu kule Lamu. Kwa makaratasi, Madogo na Kipini ni ndugu wa kaunti moja. Kwa barabara, wametengana kwa zaidi ya kilomita 200. Mahasimu wa kweli wa kijana wa Madogo ni vijana wa Garissa, wanaonunua soko moja na kusikiliza muziki mmoja. Lakini mpaka wa kaunti, ambao kwa mpira ni mpaka wa ligi, unamwambia hasimu wako yuko kwenye mikoko.

Ningekuwa mimi ndiye ninayepanga, ningeanza na mto, si na mpaka. Garsen na Minjila, ambazo ni pua na mdomo, ziwe kundi moja na vijiji vya Ndera. Hola na majirani zake kundi la pili. Bura na Madogo la tatu, wakiruhusiwa kucheza na timu za Garissa. Kipini wacheze na Witu. Mshindi wa kila kundi ndiye asafiri, mwisho wa msimu, tena kipindi cha ukame. Safari ndefu iwe zawadi ya waliofuzu, isiwe adhabu ya kila wikendi.

Kuna pingamizi moja nzito na sitaikwepa. Utasikia mzee akisema: majirani wa Tana Delta msiwakutanishe kila mara, mnasahau upesi. Hajakosea kuogopa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano ya Wapokomo na Waorma yaliua zaidi ya watu 100 katika Delta, wakiwemo watoto. Baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwa shule ya msingi na mnakumbuka. Kwa hivyo mtu akisema debi ya vijiji viwili inaweza kuwasha moto, msicheke.

Lakini tazama hasa ni nini kinachowasha. Gor Mahia na AFC Leopards zilianza kama timu za jamii. Leopards iliundwa 1964 kwa jina la Abaluhya United, Gor ikaja 1968 ikibeba Waluo. Serikali ndiyo iliyoagiza majina ya kikabila yaondolewe, na 1980 Abaluhya ikawa AFC. Hata hivyo Machi 2012 debi yao uwanjani Nyayo ilisimama baada ya kadi nyekundu kuzua fujo. Sasa, wameacha kukutana? Hapana. Wanakutana kila msimu, na jina ambalo mashabiki wenyewe walilipa debi hiyo ni Mashemeji, kwa sababu Waluo na Waluhya wameoana mno. Mechi inayochezwa mara mbili kila mwaka, kwa ratiba inayojulikana, ina refa, ina polisi, ina rekodi, na ina marudiano. Ukifungwa leo una tarehe ya kulipiza, kwa mpira. Ninayoihofia zaidi ni ile fainali moja ya kombe la mwanasiasa, karibu na uchaguzi, kijiji dhidi ya kijiji, refa ni binamu ya mtu, na hakuna mechi ya pili.

Mpango wangu hausimami bila masharti mawili. Refa asitoke kijiji chochote kati ya vile viwili vinavyocheza. Na kikosi kisajiliwe kwa eneo, si kwa ukoo, ili mfugaji na mkulima wanaokunywa maji ya mto mmoja wavae jezi moja. Hili la pili ni gumu, najua, bana. Ila timu ya Garsen yenye Muorma kwenye winga na Mpokomo langoni ni vigumu kuigeuza jeshi la mtu.

FKF sasa iko chini ya Hussein Mohammed, aliyechaguliwa Desemba 2024, na masikio ya kila mtu yako kwenye AFCON ya 2027 ambayo Kenya itaandaa pamoja na Uganda na Tanzania. Uwanja mpya wa Talanta utapigiwa makofi, na ustahili. Kubadilisha makundi ya Tana River hakuhitaji saruji hata mfuko mmoja. Kunahitaji afisi ya tawi la Tana River na ile ya Garissa zikae meza moja kuhusu Madogo, na mtu afungue ramani ya barabara kabla ya kuandika ratiba.

Wewe ukiwa mchezaji au katibu wa timu, unacho kitu ambacho afisi huwa haina: daftari la safari zenu. Andika kilomita, andika nauli, andika mechi mlizopoteza bila kucheza na sababu yake. Msimu mmoja tu unatosha. Peleka hayo kwenye mkutano wa tawi kabla makundi hayajapangwa, kwa sababu yakishabandikwa ukutani, utaambiwa usubiri mwaka ujao.