Chupa Iliyo Juu ya Kabati

Katika nyumba nyingi za Wakristo hapa Mapinga utaikuta chupa ya divai juu ya kabati la sebuleni. Ilikuja siku ya ndoa au ya upadrisho, na tangu hapo inamngoja mgeni mkubwa. Husemwa kwamba kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kunoga.

Sisi hatukubali. Divai nyingi za dukani hutengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache. Zile chache zinazokomaa vizuri hulazwa gizani, penye ubaridi wa nyuzi 13 hivi. Joto la pwani yetu hupita 30. Majuzi, tukila chakula cha jioni na marafiki, tulionja divai mbili nyekundu za Dodoma, moja mpya na nyingine ya miaka tisa kabatini. Ya zamani ilikuwa imegeuka kahawia, kali kama siki. Mzee mmoja aliimaliza kwa heshima ya mwenyeji, maskini!

Yoshua bin Sira (9:10) husifu divai iliyokomaa, akiifananisha na rafiki wa siku nyingi. Lakini watu wa kale waliitunza: huko Gibeoni yamechimbuliwa maghala ya divai yaliyochongwa mwambani. Kanisa nalo, katika kanuni ya 924, halidai divai kuukuu altareni. Linadai iwe ya asili, tunda la mzabibu, isiyoharibika.

Na huyo mgeni mkubwa ni nani? Jirani aliyekesha nasi msibani alipewa soda. Aitwe Jumapili hii, chupa ifunguliwe. Kama hanywi pombe, atengewe juisi ya ukwaju.