Miwani ya umeme na maneno yanayoizunguka

Kuna vifaa vinavyovaliwa usoni kama miwani, vikapeleka mkondo mdogo wa umeme kwenye jicho ili kuokoa uwezo wa kuona. Habari zake huwafikia watu zikiwa zimeshaongezwa chumvi. Kwa msomaji wa Barumbu, kando ya mto Kongo katika jimbo la Tshopo, chumvi hiyo ni ya hatari, maana huko upofu si jambo la kusikia kwa jirani tu. Nimechagua madai yanayonikera zaidi. Sitayapa nafasi sawa, kwa kuwa hayalingani kwa uzito.

Linalotangulia ni kwamba umeme humrudishia kipofu macho yake. Dai hili ni kongwe. Mwaka 1755 daktari Mfaransa Charles Le Roy alimfunga kijana kipofu nyaya kichwani na mguuni, akampiga umeme wa chupa ya Leyden. Kijana aliona kama miali ya moto ikishuka mbele yake. Walirudia, akaiona tena, na akabaki kipofu vilevile. Umeme ukiigusa retina au neva ya jicho huzaa vimulimuli, na vimulimuli si kuona. Vifaa vya leo vina lengo dogo zaidi, nalo ni kuzifanya seli ambazo hazijafa ziendelee kuishi. Watafiti wa Osaka walionyesha mwaka 2005 kwamba panya waliokatwa neva ya jicho walipoteza seli chache zaidi za retina pale konea zao zilipochochewa kwa umeme. Neno la kushika hapo ni "chache zaidi". Hakuna seli iliyofufuka.

Dai la pili linafuata papo hapo: kama ni hivyo, basi na wagonjwa wa usubi wavalishwe. Hapa naomba tusimame kidogo. Usubi ndio upofu wa mtoni, na Kongo ina historia nao, kwani ni Mbelgiji Jean Hissette aliyeeleza mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa Kasai karibu na mto Sankuru, jinsi minyoo ya ugonjwa huu inavyoharibu macho. Inzi wadogo weusi wanaoueneza huzaliana kwenye maji yaendayo kasi, na Tshopo haina upungufu wa maporomoko. Minyoo midogo ikifia kwenye konea, konea hupata kovu na kuwa nyeupe. Retina inaweza kuwa nzima nyuma ya kovu hilo, lakini mwanga hauifikii. Umeme hausafishi kovu. Mtoto wa jicho naye, ambaye ndiye anayeongoza kwa kupofusha watu duniani, huondolewa kwa upasuaji mfupi, wala hakuna mkondo unaoweza kumyeyusha. Miwani ya umeme imejaribiwa hasa kwa retinitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi unaokula retina polepole, na kwa neva za macho zilizoumia, zikiwemo za glakoma. Anayemuuzia mzee mwenye mtoto wa jicho kifaa hiki anamcheleweshea upasuaji.

Lakini dai linalostahili kupigwa hadi lianguke ni hili: kwamba starehe ni anasa ya wenye nacho, mgonjwa wa kweli huvumilia, na tena kuchomwa kidogo ndiyo dalili kwamba dawa inaingia. "Mvumilivu hula mbivu," watakwambia.

Tuangalie kifaa chenyewe kwa karibu. Kwa mtindo uliofanyiwa majaribio Tübingen, Ujerumani, fremu ina vikono viwili mbele, na kila kikono kimeshika uzi mwembamba wenye fedha unaolala juu ya jicho, chini kidogo ya mboni. Elektrodi nyingine hubandikwa kwenye panja. Kwanza mkondo hupandishwa taratibu mpaka mgonjwa aseme ameona mwanga unacheza. Hicho ndicho kizingiti chake. Kutokana nacho hupangwa kipimo cha tiba, mathalani asilimia 150 au 200, kwa dakika 30 mara moja kwa wiki. Kinachopimwa hapo ni mwanga aliouona mgonjwa. Maumivu hayamo kabisa kwenye hesabu.

Basi maumivu hutoka wapi? Konea ina neva za hisia nyingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Uzi ukikauka au ukihama, hugusa jicho kwa eneo dogo, lakini kifaa kimeamriwa kupeleka mkondo uleule, kwa hiyo huongeza nguvu na kuusukuma wote kwenye eneo hilo dogo. Ni kama kukanyagwa kwa kisigino badala ya unyayo mzima: uzito haujabadilika, ila unaumia. Kibandiko cha panjani nacho jasho likikibandua ukingo, ngozi iliyobaki imeshikana nacho hubeba mzigo wote na kuacha alama nyekundu. Kwa hiyo kuchomwa ni dalili ya elektrodi kukaa vibaya, na mgonjwa anayevumilia anavumilia kosa la fundi aliyebuni fremu.

Joto na unyevu wa bonde la Kongo huzidisha tatizo. Fremu iliyochongwa kwa pua nyembamba ya Ulaya huteleza kwenye pua pana iliyolowa jasho, na ikiteleza milimita chache uzi nao umehama. Starehe kwa Barumbu ingeanzia hapo: vishikizo vya pua vinavyorekebishika, mkanda nyuma ya kichwa, kibandiko kisichobanduka kwa jasho, na kitu chepesi ambacho mtu atakaa nacho nusu saa bila kukigusa. Anayekivua baada ya dakika kumi amepata theluthi ya dozi, hata daftari likiandika kwamba ametibiwa. Hata ushahidi unategemea jambo hili, kwani kifaa kikichoma, mgonjwa wa kundi la kulinganisha anayevalishwa kifaa kisichopeleka umeme hujua mara moja kwamba hapewi kitu.

Wanaodhani huo ni udekezaji waikumbuke Mectizan, dawa ya usubi ambayo Merck ilianza kuitoa bure mwaka 1987. Mgawaji wa kijijini hapimi uzito wa mtu. Anamsimamisha kando ya fimbo yenye alama, na urefu ndio unaomwambia ni vidonge vingapi. Kuna mtu aliyekaa akafikiria maisha ya mgawaji yule kabla ya kuchonga fimbo, na dawa imewafikia mamilioni ya watu.

Kwamba fundi wa redio anaweza kuunda kifaa hiki kwa betri mbili: hapana. Mapigo yake huenda na kurudi kwa kiasi sawa ili chaji isirundikane. Mkondo wa betri unaokwenda upande mmoja huzalisha asidi na magadi chini ya elektrodi, na kwenye jicho hilo ni jeraha.

Kwamba Wazungu wameshathibitisha: nusu tu. Jaribio dogo la Tübingen la mwaka 2011, lenye wagonjwa 24, lilileta matumaini. Lile la mwaka 2017, la wagonjwa 52 kwa mwaka mzima, halikuonyesha wazi kwamba eneo la kuona liliongezeka, ingawa retina ilijibu vizuri zaidi kwenye baadhi ya vipimo. Kwa upande wa neva za macho, utafiti wa mwaka 2016 ulioongozwa kutoka Magdeburg, wenye wagonjwa 82, ulipata nafuu ya asilimia 24 dhidi ya 2.5 kwa waliovalishwa kifaa bandia. Mimi naiita njia ya kuendelea kuchunguzwa. Siyo sababu ya kuuza shamba.

Limebaki dai la wauzaji, kwamba ukishanunua umemaliza. Waulize waliopandikizwa Argus II, jicho la umeme lililoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Kampuni ya Second Sight ilipoacha kulitengeneza mwaka 2019, watu zaidi ya 300 walibaki na mtambo ndani ya jicho bila wa kuutengeneza. Miwani angalau huvuliwa, lakini nyuzi zake hutumika mara moja na kutupwa. Macho mawili kila wiki ni nyuzi 104 kwa mwaka, kutoka Ujerumani hadi Kinshasa, kisha Kisangani, kisha kwa mtumbwi kushuka mto. Muuzaji ataje bei ya hizo kwanza, na aseme nani atazileta, kabla ya kutaja bei ya fremu.