Kijana wa miaka 18 hawezi kulipa deni la timu nzima

Kila mwezi wa Novemba, kule Australia, vijana wa miaka 17 na 18 huketi na wazazi wao kusubiri majina yao yatajwe kwenye televisheni. Ni usiku wa drafti. Timu kubwa za mpira wa Australia huchagua wachezaji wapya, zamu kwa zamu. Jina likitajwa tu, kabla kijana hajavaa jezi, mashabiki wameshatoa hukumu: huyu mwembamba mno, huyu hana mbio, huyu atatuletea kombe, tungemchukua yule mwingine.

Naufuatilia mchezo huu kwa sababu ya familia. Binti wa mama yangu mkubwa, ambaye namwita yaya, alipelekwa Australia na mpango wa wakimbizi baada ya miaka mingi kambini. Anaishi Brisbane. Mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka 15, ameacha soka na kuingia katika mpira huo wa kwao. Mwezi uliopita yaya alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: "Watu wa hapa uwanjani wanasema mtoto ana mwili lakini hana akili ya mchezo. Wewe ni mwandishi wa habari, niambie, anafaa ao hafai?"

Jibu langu kwake ndilo nataka kuliandika hapa, maana haliwahusu watu wa Brisbane peke yao.

Kwanza, kwa msomaji asiyeujua mchezo huu. Uwanja wake ni wa duara refu kama yai, na mpira nao ni wa umbo hilo. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Unaweza kuupiga mpira teke, ao kuushika kwa mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mkono mwingine. Kuurusha ni kosa. Kila upande una milingoti minne. Ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya ile miwili ya katikati, ni pointi 6. Ukipita pembeni yake, ni pointi 1. Ligi kuu, AFL, ina timu 18.

Drafti nayo ina kanuni yake: timu iliyomaliza mkiani ndiyo kwa kawaida huchagua ya kwanza, ili wanyonge wapate nguvu na ushindani usawazike. Ni kanuni ya haki kwa timu. Lakini tazama inavyomwangukia kijana. Yule anayehesabiwa kuwa bora kuliko wote anapelekwa kwenye timu dhaifu kuliko zote, bila yeye kuchagua, na mashabiki wenye njaa wanamsubiri mlangoni wakiwa wamebeba sahani.

Mfano ambao Waaustralia wenyewe hawajausahau ni Jack Watts. Mwaka 2008 timu ya Melbourne ilimchagua namba moja. Mwezi wa Juni 2009, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alichezeshwa mechi yake ya kwanza dhidi ya Collingwood, katika sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia, siku ambayo uwanja mkubwa wa MCG hujaa watu. Wachezaji wazima wa Collingwood walimrukia na kumwangusha chini mara tu alipogusa mpira. Kuanzia siku hiyo alipimwa kwa kitu kimoja: namba yake. Aliyechaguliwa wa pili mwaka huo, Nic Naitanui, aliendelea kuwa nyota West Coast, na kila aliporuka juu kushika mpira, shabiki wa Melbourne aliona alichonyimwa. Watts alicheza mechi zaidi ya 150 katika timu ile. Vijana wengi wa drafti hawafiki hata nusu ya hapo, lakini yeye alibaki kuitwa hasara.

Je, kosa lilikuwa lake? Hakujichagua namba moja. Hakujipanga katika mechi ile. Watu wazima ndio waliofanya hesabu, na mtoto akaletewa bili.

Mfano wa pili ni drafti ya mwaka 2013. Namba moja alikuwa Tom Boyd, aliyekwenda Greater Western Sydney. Baada ya msimu mmoja alihamia Western Bulldogs kwa mkataba mkubwa wa miaka saba. Mwaka 2016 alifunga magoli matatu katika fainali, na Bulldogs wakabeba kombe walilolisubiri tangu 1954. Ungedhani deni limelipwa. Mwaka uliofuata alisimama kucheza kwa sababu ya afya ya akili, na mwezi wa Mei 2019, akiwa na miaka 23, aliacha kabisa, akaziacha na pesa za mkataba zilizobaki. Alieleza waziwazi kwamba alikuwa akipambana na huzuni nzito na kukosa usingizi.

Katika drafti hiyohiyo, jina la 44 lilikuwa la Aliir Aliir. Huyu alizaliwa katika kambi ya Kakuma, Kenya, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini. Wengi wetu tunaijua Kakuma. Wakongo nao wameishi pale. Sydney Swans walimchukua na kumweka katika timu ya akiba. Mwaka 2014 ulipita hajacheza ligi kuu. Mwaka 2015 ukapita vilevile. Alianza mwaka 2016. Mwaka 2021, akiwa amehamia Port Adelaide, alitajwa katika kikosi bora cha mwaka cha Australia nzima.

Sisemi kwamba Aliir ni bora kuliko Boyd. Ninachosema ni kwamba mmoja alipewa miaka miwili ya kukua kimyakimya, na mwingine hakupewa hata wiki mbili. Namba ya drafti inaeleza jinsi wataalamu walivyomwona kijana siku ile moja. Haielezi mwili wake utakavyokuwa akifika miaka 23, wala moyo wake utabeba nini. Dane Swan alichaguliwa wa 58 mwaka 2001. Miaka kumi baadaye alibeba medali ya Brownlow, tuzo ya juu kuliko zote za mchezaji katika ligi hiyo.

Mashabiki wana utetezi wao, na ni vizuri tuusikie. Wanalipa tiketi. Wanakaa kwenye mvua. Timu ikishindwa kila juma, kijana mpya ndiye tumaini pekee walilobaki nalo, na huwezi kumwambia mtu asitumaini. Ni kweli. Mwaka 2023 West Coast walishinda mechi tatu tu msimu mzima. Walipomchagua Harley Reid namba moja, kijana wa Tongala, muji mdogo wa wafugaji wa maziwa huko Victoria, watu wa Perth walifurahi kama waliopata mvua baada ya kiangazi. Na kijana hakuwaangusha: tangu msimu wake wa kwanza alionyesha nguvu na ujasiri ambao ulijaza viwanja.

Lakini West Coast walishinda mechi tano mwaka 2024, na moja tu mwaka 2025. Kijana alikuwa yuleyule. Hilo latosha kutuonyesha kwamba mtu mmoja kati ya 18 hainui timu iliyooza kwenye mzizi. Wakati huohuo, karibu kila juma kulikuwa na habari kuhusu mkataba wake, ni lini atarudi Victoria, amesema nini, amecheka na nani. Kumtumaini mchezaji ni haki ya shabiki. Kumkabidhi ugonjwa wa timu nzima aubebe peke yake ni uonevu.

Kuna jambo lingine ambalo yaya alilitaja bila kujua: "ana mwili lakini hana akili ya mchezo." Vijana wenye asili ya Afrika wanaoingia mchezo huo husifiwa mara nyingi urefu, mbio na kuruka, na mara chache uwezo wa kusoma mchezo. Mwandishi asiye makini huandika hivyo bila nia mbaya, na shabiki hurudia. Héritier Lumumba, mwenye asili ya Kongo kwa upande wa baba, aliingia Collingwood kupitia orodha ya wachezaji wa mafunzo, akawa bingwa mwaka 2010 na kuingia katika kikosi bora cha mwaka huo. Baadaye alisema hadharani kuhusu ubaguzi aliokutana nao mule ndani. Mwaka 2021 ripoti ambayo timu yenyewe iliiagiza ilikiri kwamba ubaguzi ulikuwa umejengeka katika mfumo wake. Namna tunavyompima kijana inabeba pia macho tuliyozoea kumtazamia.

Na sisi huku, tusijione wasafi. Kijana mpya akiingia TP Mazembe na kukosa penalti moja, kabla ya jua kuzama mitaa ya Lubumbashi imeshamrudisha kijijini kwao. Tunampima mtoto kwa dakika kumi, kisha tunashangaa kwa nini wenye vipaji wanachezea kwingine.

Basi shabiki afanye nini, anyamaze? Hapana. Aseme, lakini apime kwa kipimo cha haki. Je, kijana anarudi nyuma kukaba pale mpira unapopotea? Je, kosa la juma lililopita amelirudia? Je, kocha anamchezesha nafasi yake ao anamtupa popote? Je, wakubwa wanaomzunguka wanamsaidia? Na hukumu ya mwisho ingoje angalau misimu mitatu. Kabla ya hapo, ukali wote uende kwa wenye mishahara ya kuamua: viongozi, makocha na wale wanaochagua.

Nilimjibu yaya usiku uleule. Nilimwambia: mtoto ana miaka 15, hakuna mtu duniani anayejua kama atafaa, hata wale wa pale uwanjani. Muulize kama anapenda kwenda mazoezini. Akisema ndiyo, mpeleke, na siku akishindwa mpikie ugali kama siku akishinda.

Alijibu kwa sauti fupi tu: "Sawa, mdogo wangu. Jumamosi nitakwenda kumtazama. Sitapiga kelele."