Kasisi Asiye na Jina

Husemwa kwamba Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini, aliipenda Unguja. Na aipende, nani asiyeipenda? Alifika mwaka 1939, akarudi 1945, na kila safari aliondoka na picha za rangi za mafuta zenye kung'ara. Mkono wake ulikuwa hodari. Anayekanusha hilo ana husuda.

Lakini ni mapenzi gani haya yasiyouliza jina? Wapo wachache waliotajwa. Wengi wamebaki "Mwarabu", "Mwanamke", "Mzee". Picha yake ya mwaka 1945 iliyouzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3 inaitwa "Kasisi wa Kiarabu". Kasisi! Tangu lini Uislamu ukawa na makasisi? Pengine alikuwa sheikh, pengine mwalimu wa chuoni. Kilemba chake kimechorwa kwa makini kuliko cheo chake. Hata mbao za nakshi za Unguja, alizozigeuza fremu za picha nyingi, hazikubaki na jina la fundi.

Wahakiki wanaosifia rangi zile wawajibu kwanza Waunguja: mzee yule alikuwa nani, mtoto wa nani, wa mtaa gani?