Mizani Si Zawadi

Nilimnunulia mke wangu mizani siku yake ya kuzaliwa. Mizani ya kisasa, ya kioo cheusi, ya kuweka bafuni. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ametoka kliniki, presha imepanda, daktari amemshauri apunguze uzito. Aliniambia mwenyewe: "Baba watoto, nataka kukata huu mwili. Utanisapoti?" Nikajibu haraka, "Kabisa." Sapoti yenyewe ndiyo hiyo mizani. Alisema asante, akaisukuma chini ya kitanda. Tangu siku hiyo akaanza kula jikoni usiku, amesimama, taa imezimwa.

Wanaume wenzangu, tuambiane ukweli. Hii kitu tunaita sapoti ni usoja tu. Tumegeuka masoja wa sahani. Mtu anachukua chapo ya pili kwenye ruracio, mbele ya mashemeji, na wewe unaropoka, "Kwani si ulisema unadiet?" Watu wanacheka. Unajiona umemsaidia. Na wewe hapo una kitambi kinachotangulia mlangoni, lakini chako kinaitwa heshima.

Mwanamke hana pa kushika. Akikonda, majirani wanauliza kama bwana anamtesa. Akinenepa, marafiki zako wanakuuliza mbona umemwacha hivyo. Mwili ni mmoja, mahakimu ni mtaa mzima.

Halafu tunamwambia, "Ni nidhamu tu." Sawa, tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Mke wangu alikuwa anaamka saa kumi na moja asubuhi, anaandaa watoto, anapanda matatu, anafanya kazi ya watu, anarudi saa moja jioni, anapika, anaosha, anakagua homework, analala saa tano. Hiyo nusu saa angeitoa wapi? Mimi wakati huo nilikuwa kwa kochi, naangalia mpira, nangoja ugali.

Na ugali nilitaka mlima. Sukuma niliitaka iliyokaangwa ikang'aa, bila kujua kwamba kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina karibu kalori 120. Ijumaa nilileta chipsi na kuku, nikasema ni za watoto. Fikiria ukatili wake: unamwambia mtu akande unga, asukume, apike chapati kumi na mbili kwa moto, harufu imejaa nyumba, kisha asile. Hiyo ni adhabu.

Wengine hutoa pesa, na hapo wanajiona wamemaliza. Wananunua chai za kupunguza tumbo mitandaoni. Nyingi ya hizo chai huwa na senna, dawa ya kuendesha tumbo. Unapoteza maji, mizani inashuka kidogo, ukinywa maji inarudi ilipokuwa. Mafuta ya mwili hayajaguswa. Lakini kununua ni rahisi kuliko kuosha sufuria.

Najua utakachosema: mwili ni wake, bidii ni yake. Mwili ni wake, kweli, na kama hajakuomba msaada, nyamaza. Lakini akikuomba, kumbuka kwamba jiko ni lenu wote, bajeti ni yenu wote, na yale masaa ya jioni hayakuandikwa jina lake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kilichonizindua ni usiku mmoja nilipowasha taa ya jikoni nikamkuta na kipande cha mkate mkononi. Alishtuka kama mwizi, nyumbani kwake. Nilifungua mdomo nitoe ushauri, akanikata: "Kama kweli unataka kunisaidia, kesho pika wewe."

Kesho yake nikapika. Managu zikawa chungu, ugali ukawa na madonge, watoto wakanicheka. Lakini nilipika tena. Sasa nina zamu tatu kwa wiki, na mama mboga ananijua kwa jina. Jioni tunakutana tao, tunapanda matatu moja, tunashuka Donholm na kufuata njia ya miguu ya Outering mpaka Umoja, kama nusu saa hivi. Wiki ya kwanza aliyekuwa akihema ni mimi. Chipsi zikiletwa, zinaletwa za watu wote na zinaliwa mezani, taa ikiwa imewaka.

Amepungua kilo ngapi? Sijui, na sitamuuliza. Mizani tulimpa jirani.

Mwezi uliopita alirudi kliniki, nami nikaenda naye, nikakaa pale kwa benchi. Presha imeshuka kiasi; daktari amesema aendelee na dawa na aendelee kutembea. Alipotoka hakutaja uzito. Aliniuliza tu leo ni zamu ya nani kupika.

Ilikuwa yangu.